Dawa ya Moyo kwa Mtoto wa Wiki Nane?

Kidonge chenyewe pengine unakijua. Kama nyumbani kwenu kuna mzee mwenye presha, au mwenye moyo unaokwenda mbio, inawezekana umewahi kutumwa duka la dawa ukamletee. Kinaitwa propranololi. Wapo wanaokitumia kuzuia kipandauso, wapo wenye matatizo ya tezi la shingo, na wapo hata wanamuziki wanaokimeza kabla ya kupanda jukwaani ili mikono isitetemeke. Kipo tangu miaka ya 1960, ni cha bei ya kawaida, na mgunduzi wake, Mskochi James Black, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Kwa kifupi, ni dawa ya watu wazima wenye mambo ya watu wazima.

Sasa basi, siku kaka yangu alipopokea karatasi ya daktari na kukuta jina hilo limeandikwa kwa ajili ya binti yake wa wiki 8, alifanya kile ambacho wanaume wengi wangekifanya. Aliikunja, akaitia mfukoni, akasema, "Hapa pamekosewa."

Mimi ndiye shangazi wa huyo binti, na ninaandika haya kwa ruhusa ya wazazi wake, kwa masharti kwamba majina nisiyataje. Wanaishi Kerege, kwenye barabara ya Bagamoyo ukishaiacha Bunju na Mapinga. Ni wale vijana wa Dar waliochoka kodi za mjini, wakanunua kiwanja, wakajenga chumba kimoja kimoja mpaka ikawa nyumba. Raha ya Kerege utaijua jioni, upepo unapoanza kuvuma kutoka baharini. Adhabu yake utaijua saa 10 usiku, kaka anapoamka kuwahi foleni ya kuingia mjini.

KIALAMA KWENYE KOPE

Mtoto alizaliwa na kilo 2.6, mzima kabisa, analia vizuri. Wiki ya pili wifi akaona kialama kwenye kope la juu la jicho la kushoto, kama mtu kamkwaruza kwa kucha. Wakadhani kajikwaruza mwenyewe, watoto wachanga si unawajua. Wakamvalisha soksi mikononi.

Wiki ya nne kialama kikawa kimeinuka. Wiki ya sita kilikuwa kama punje ya mahindi, laini ukikigusa, chenye rangi ya zambarau iliyoiva, na mtoto akilia kinazidi kukolea. Kufikia wiki ya saba kope lilikuwa linalemewa na jicho halifunguki sawasawa.

Zahanati ya kwanza waliyokwenda waliambiwa, "Ni alama ya kuzaliwa, itaondoka yenyewe, nendeni nyumbani." Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana linapoteza watu. Nitaeleza mbele.

Nyumbani nako hakukuwa shwari. Mama yetu mzazi alikuwa amekuja kumwogesha mjukuu, na yeye alikuwa na maelezo yake tayari. "Mimba hiyo ilitaka zambarau," alisema. "Alitamani, akanyimwa, akajishika uso. Ndo hizo." Ukisikiliza haraka unaweza kudhani anamlaumu kaka kwa kutonunua zambarau. Hapana bwana. Lawama ilikuwa inakwenda kwa wifi: kwa nini hukusema, kwa nini ulijishika, kwa nini hukutulia. Jirani mmoja akaongeza la kwake kuhusu husuda. Mwingine akasema kuna mtu anakichanja kwa wembe, siku tatu kimekwisha.

Kaka alinyamaza. Nadhani wengi wenu mnaijua aina hiyo ya ukimya, ule wa mwanaume anayempenda mkewe na anayemwogopa mama yake. Wifi aliniambia kwa simu, "Wifi, mimi hata huo uvimbe siuogopi kama ninavyoogopa kukaa nao humu ndani kama vile nimeuleta mimi."

Tulimalize hili mapema. Hakuna chakula ambacho mama amekula au amenyimwa kinacholeta uvimbe huu. Hakuna jambo ambalo wifi angelifanya au kuliacha likauzuia. Yanayojulikana ni haya: unawapata zaidi watoto wa kike kuliko wa kiume, zaidi watoto njiti na wenye uzito mdogo sana, na zaidi mapacha. Takwimu za Ulaya na Marekani zinasema kati ya watoto 100, wanne au watano wanaupata. Umeandikwa zaidi kwa watoto weupe, lakini weusi nao wanao, na kwenye ngozi yetu wekundu haung'ari kama kwenye picha za vitabuni. Mara nyingine unaonekana kama uvimbe wa bluu kwa mbali chini ya ngozi, na hapo ndipo wengi wanapoupita.

NI NINI HASA?

Jina lake la kitaalamu ni hemanjioma. Ni uvimbe uliotengenezwa na mishipa midogo ya damu iliyoanza kuota kwa fujo mahali pamoja. Si saratani. Hausambai kwenda kuua viungo vingine. Wataalamu wamegundua kwamba chembe zake zina alama ya protini inayopatikana pia kwenye mishipa ya kondo la nyuma, ndiyo maana wapo wanaofikiri una undugu fulani na kondo hilo. Asili yake kamili bado inachunguzwa.

Kinachoutofautisha na vivimbe vingine ni kalenda yake. Kwa kawaida mtoto anazaliwa bila kitu au na kidoa tu. Ndani ya wiki chache kinaanza kukua, na mbio kali kabisa ni katikati ya wiki ya 5 na ya 8. Mtoto akifikisha miezi 3, uvimbe mwingi huwa umeshafikia karibu asilimia 80 ya ukubwa wake. Baada ya hapo unapunguza kasi, unasimama, kisha unaanza kunywea taratibu, miaka hiyo, mpaka mtoto anapokaribia 4.

Kwa hiyo yule wa zahanati hakudanganya aliposema utaondoka wenyewe. Mwingi huondoka, na ulio mdogo, mgongoni au mkononi, unaachwa tu unaangaliwa. Swali ni uko wapi na utafanya nini wakati ukisubiriwa. Ukiwa kwenye kope unaliziba jicho, na jicho lisilopata mwanga katika miezi ya mwanzo ubongo unalizoea kutolitumia. Uvimbe unaweza kuisha mtoto akiwa na miaka 4 ukaacha jicho lenye afya lisiloona vizuri. Ukiwa ncha ya pua au mdomoni unaacha sura imeharibika. Ukiwa eneo la kidevu na shingoni, penye ndevu kwa mwanaume, unaweza kuwa na mwenzake ndani kwenye njia ya hewa, na dalili yake ni mtoto kukoroma au kupumua kwa sauti. Ukiwa sehemu za nepi unachubuka na kuwa kidonda kinachouma. Na mtoto mwenye vialama vitano au zaidi anatakiwa apigwe utrasaundi ya ini, kwa sababu huenda vingine viko huko.

Ndiyo maana madaktari wa watoto wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2019, walishauri mtoto mwenye uvimbe wa hatari amwone mtaalamu mapema, ikiwezekana akiwa na mwezi mmoja. Hebu piga hesabu. Sheria yetu ya kazi inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 na baba siku 3. Siku 84 ni wiki 12. Yaani mbio zote za uvimbe huu zinakwisha mama akiwa bado nyumbani na mtoto, peke yake mchana kutwa, na baba ameshasahau kwamba aliwahi kuwa na likizo. Anayekiona kikikua ni mmoja. Anayetoka na kurudi usiku, akimwona mtoto kwa taa, anakuwa na haki ya kusema, "Mbona kipo vile vile?"

KARATASI ILIYOKUNJWA

Wifi ndiye aliyeamua kwenda mjini. Alipanda gari na mtoto, akamwona daktari bingwa wa ngozi kwenye hospitali kubwa, na jioni akarudi na ile karatasi. Kaka akagoma. Na mimi, pamoja na mapenzi yangu yote kwa wifi, ninaielewa hofu yake. Moyo wa mtoto wa wiki 8 ni mdogo kuliko ngumi yake. Ukiambiwa utampa dawa inayopunguza kasi ya moyo huo kwa sababu ya kitu kilichopo juu ya jicho, ukikubali bila kuuliza basi wewe ndiye mwenye tatizo.

Walichofanya kilikuwa kizuri. Kaka aliomba ruhusa kazini, wakarudi kwa daktari wote wawili. Wifi ananiambia kwamba kwenye korido alimwambia, "Uliza yote. Mimi nimeshasikia, sasa sikia wewe." Kaka akauliza: nani aliyegundua hii, inafanya nini, na itamfanya nini mwanangu?

Swali la kwanza lina hadithi tamu. Ilitokea Bordeaux, Ufaransa. Daktari wa ngozi wa watoto, Christine Léauté-Labrèze, alikuwa na mgonjwa mwenye hemanjioma puani. Wakati ule dawa iliyotegemewa ilikuwa ya jamii ya steroidi, na kwa dozi zile kubwa steroidi zina bei yake: uso unavimba, presha inapanda, ukuaji unadumaa. Mtoto huyu zilimfikisha kwenye ugonjwa wa misuli ya moyo kunenepa. Ndipo akapewa propranololi, kwa ajili ya moyo. Wa pua hakuna aliyemfikiria. Kesho yake uvimbe ulikuwa umebadilika kutoka wekundu mkali kuwa zambarau, na umelainika. Steroidi zikapunguzwa, uvimbe ukaendelea kunywea. Alipofika miezi 14 pua ilikuwa bapa.

Mtoto wa pili alikuwa na uvimbe uliofunika mkono wa kulia na upande wa uso, umeingia mpaka nyuma ya jicho na kubana njia ya hewa. Moyo wake nao ulikuwa unasukuma damu kupita kiasi, akapewa dawa ile ile. Baada ya siku 7 alifungua jicho mwenyewe. Wakawajaribu wengine 9, na Juni 2008 barua yao fupi ikachapishwa kwenye jarida la New England la tiba. Ni barua fupi tu, lakini ndani ya muda mfupi hospitali nyingi duniani zilikuwa zimebadilisha matibabu.

Baadaye ulifanyika utafiti wenye kulinganisha, wa watoto 460, matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Waliopewa propranololi miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa miezi 6, asilimia 60 uvimbe uliisha kabisa au karibu kabisa. Waliopewa maji matupu yasiyo na dawa, ni asilimia 4. Hata kabla ya hapo, mwaka 2014, Marekani na Ulaya zilikuwa zimeshaidhinisha dawa ya maji iliyotengenezwa maalumu kwa watoto hawa.

Swali la pili, inafanyaje kazi? Mwilini tuna adrenalini, ile inayokupiga moyo konde ukikoswakoswa na bodaboda. Adrenalini ni ufunguo, na kwenye moyo na mishipa kuna vitasa vyake vinavyoitwa beta. Propranololi inaziba tundu la kitasa, ufunguo hauingii. Ndiyo maana jamii hii ya dawa inaitwa beta bloka. Kwenye hemanjioma, mishipa inasinyaa, damu inapungua, na hiyo ndiyo sababu rangi inabadilika ndani ya siku moja au mbili. Kisha yale maagizo ya kemikali yanayoiambia mishipa "ota, ota" yanapungua, na chembe zilizokwisha kuota zinaanza kufa kabla ya wakati wake.

Hapo kuna utamu mwingine kwa wapenda sayansi. Propranololi ni mchanganyiko wa maumbo mawili yanayofanana kama mkono wa kushoto na wa kulia. Moja linaziba kitasa cha beta vizuri sana, la pili karibu haligusi. Lakini majaribio ya maabara na ya panya, yakiwemo ya watafiti wa Boston, yameonyesha kwamba lile la pili nalo linaizuia mishipa ya hemanjioma, kwa kupitia mlango mwingine kabisa. Kwa hiyo inawezekana siku moja watoto wakapewa nusu ile tu, moyo uachwe salama. Leo bado hatujafika huko.

KIJIKO, SAA NA TITI

Swali la tatu ndilo lililochukua muda mrefu kuliko yote, na ndilo ninalotaka ulisome hata kama mengine umeyaruka.

Kwanza, mtoto alipimwa. Mapigo ya moyo yalisikilizwa, presha ikachukuliwa, wakaulizwa kama kwenye familia kuna pumu na kama mtoto amewahi kukoroma kifuani. Mwenye pumu au moyo unaokwenda polepole hapewi. Mwenye uvimbe mkubwa uliosambaa usoni anatakiwa kupimwa moyo na mishipa ya kichwa zaidi kabla ya dozi ya kwanza. Binti yetu alipita. Dozi ya kwanza walimpa pale pale hospitali, wakakaa saa 2 akipimwa mapigo na presha. Kaka anasema zilikuwa saa 2 ndefu kuliko foleni yoyote aliyowahi kukaa Tegeta.

Pili, kipimo. Mtoto alikuwa na kilo 4. Alianza na miligramu 1 kwa kila kilo kwa siku, yaani miligramu 4, zikagawanywa asubuhi na jioni. Baadaye zikapandishwa hadi miligramu 2 kwa kilo, yaani 8 kwa siku. Sasa angalia kidonge cha mtu mzima cha miligramu 40. Kidonge kimoja hicho ni dawa yake ya siku 5. Ukikikata kwa wembe mezani ukakosea kidogo tu, umempa ya siku nzima kwa mkupuo mmoja. Dawa ya maji ya watoto haipatikani kila mahali, hivyo mfamasia wa hospitali ndiye aliyewatengenezea na kuwapa bomba dogo la kupimia lisilo na sindano. Kama wewe unasoma haya na bibi ana vidonge kabatini, tafadhali viache hapo kabatini.

Tatu, na hii ndiyo kubwa: dawa na titi vinakwenda pamoja. Propranololi inaweza kuishusha sukari ya damu ya mtoto, na inafunika baadhi ya dalili ambazo zingekushtua, kama moyo kwenda mbio. Kwa hiyo dawa inatolewa mtoto anaponyonya au mara tu baada ya kunyonya. Daktari aliwaambia mtoto wa umri ule asipitishe saa 5 bila kunyonya, hata usiku. Dozi mbili ziachane angalau saa 9. Akiitapika, usirudie. Na akikataa kunyonya, akitapika mfululizo, au kifua kikianza kubana na kupiga filimbi, dawa inasimamishwa siku hiyo na unakwenda hospitali. Dalili za sukari kushuka ni jasho la baridi, kutetemeka, kulegea, usingizi usioamshika, na mwisho degedege.

Kaka, ambaye ni mtu wa hesabu, aliyaandika yote kwenye daftari na kulitundika jikoni kwa msumari. Simu zote mbili zikawekwa kengele. Na hapa niseme jambo kuhusu ndoa: nimewaona wawili hawa kwenye harusi, kwenye msiba, kwenye ugomvi wa kiwanja, lakini sijawahi kuwaona wakiwa timu kama walivyokuwa kwenye lile daftari. Dozi ya asubuhi ilikuwa ya kaka, kabla ya kutoka, wifi akinyonyesha nusu usingizini. Ya jioni ya wifi. Kila aliyetoa anatia tiki na saa. Hakuna kuuliza, "Umempa?" Angalia daftari.

SIKU YA HOMA

Lilijaribiwa mwezi wa tatu wa dawa. Mtoto aliamka na homa, analia, titi hataki. Kaka alikuwa ameshatoka, yuko mjini, na siku hiyo ile ya asubuhi ilikuwa haijatolewa kwa sababu alipoondoka mtoto alikuwa amelala. Mama yetu, ambaye alikuwa amerudi Kerege kumsaidia wifi baada ya kuanza kazi, akasema kile ambacho mzazi yeyote wa zamani angesema: "Mpe dawa yake. Dawa haikatizwi, ugonjwa utarudi kwa hasira."

Ni kauli ya busara kwa dawa nyingi. Dozi ya malaria haikatizwi, ya kifua kikuu haikatizwi. Kwa hii, mtoto asiyenyonya, ni hatari. Na kwetu huku pwani hatari inajirudia mara mbili, kwa sababu malaria kali yenyewe inashusha sukari ya mtoto.

Wifi alimpigia kaka simu. Kaka akasema asipewe, na akaomba kuongea na mama. Sijui alimwambia nini hasa. Wifi anachojua ni kwamba mama aliirudisha simu, akavaa kanga ya pili, akambeba mjukuu, akasema, "Twende." Kipimo kikaonyesha malaria. Sukari ikapimwa papo hapo, ikawa sawa. Akatibiwa, siku ya pili akaanza kunyonya vizuri, na propranololi ikarudishwa kwa maelekezo ya daktari. Uvimbe haukurudi kwa hasira.

Tangu siku hiyo mama ndiye msimamizi mkuu wa daftari. Zambarau hajazifuta kabisa, kwa haki. Juzi nilimsikia akimweleza mgeni kwamba "zambarau zilikuwepo, ila dawa imezishinda." Wifi alicheka. Miezi michache kabla asingecheka.

MATOKEO, NA WAPI PA KUANZIA

Siku ya tatu ya dawa rangi ilikuwa imepoa. Wiki ya pili jicho lilifunguka nusu. Mwezi wa pili lilikuwa wazi, na daktari wa macho akasema macho yote mawili yanafuata mwanga sawasawa. Mikono na miguu ilikuwa ya baridi mara nyingine, na usingizi wake ulivurugika wiki za mwanzo, mambo ambayo walikuwa wameshaambiwa kuyategemea. Kila mwezi kliniki uzito ulipoongezeka, dozi ilipigwa hesabu upya, maana mtoto anayekua na dozi isiyokua ni sawa na kupunguziwa dawa kimya kimya.

Matibabu huchukua angalau miezi 6, na wengi huendelea hadi karibu mwaka mmoja, kisha dozi inashushwa polepole. Wachache, uvimbe huinuka tena baada ya kuacha, na hurudishiwa dawa kwa muda.

Kama wa mwanao ni mdogo na wa juu juu, daktari anaweza kuchagua timololi, ndugu yake propranololi, ambayo ni matone ya kutibu presha ya macho. Hapa hayadondoshwi jichoni, yanapakwa juu ya uvimbe. Nayo inapenya kuingia kwenye damu, kwa hiyo usiifanye losheni.

Kwa pa kwenda: anza kwenye kituo chako cha afya, lakini kama kialama kiko usoni, kinakua kila wiki, kimechubuka au ni vingi, usikubali neno "subiri" bila kuuliza nisubiri nini na mpaka lini. Omba rufaa. Dar kuna madaktari bingwa wa ngozi na wa watoto Muhimbili, na kwa macho kuna CCBRT kule Msasani. Kaskazini kuna kile kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale KCMC, Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1992, ambacho kimefundisha wataalamu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika. Piga picha uvimbe kila wiki, sehemu ile ile, mwanga ule ule, na sarafu pembeni kwa kulinganisha. Daktari ataelewa kwa picha nne kile ambacho ungekieleza kwa nusu saa, na baba anayerudi usiku ataacha kusema kipo vile vile.

Uvimbe huu usikandwe kwa maji ya moto, usichanjwe, usifungwe uzi. Ni mishipa ya damu mitupu, ukiukata unatoka damu kweli kweli. Ukitoka damu wenyewe, bana kwa kitambaa safi dakika 10 bila kufunguafungua, kisha nenda hospitali.

Binti yetu sasa ana mwaka na miezi 4. Dozi ya mwisho ilitiwa tiki miezi mitatu iliyopita. Kwenye kope kumebaki ngozi iliyolegea kidogo, ambayo daktari anasema itazidi kukaza, na kama haitakaza kuna upasuaji mdogo anapokua. Wifi bado anampiga picha kila Jumapili, kwa sababu waliambiwa wamwangalie miezi 6 baada ya kuacha dawa. Zimebaki Jumapili kumi na mbili.